Karani Aliyeajiri Miti

Kila Jumamosi, siku ambayo sisi wa Kapata, mtaa wa wachimbaji, bado tunaiita siku ya posho, Tata Karani alisimama katikati ya shamba lake, akafungua daftari kubwa la jalada jeusi, akasafisha koo na kuita miti kwa namba. Aliita namba moja, akasubiri. Mti ukinyamaza, kama miti ilivyozoea, aliutazama juu ya miwani, akatia alama ya vema, akaita namba mbili. Vijana wachimbaji waliokuwa wakipita na makoleo yao begani waliijua saa ile. Walisimama kidogo barabarani, wakaisaidia miti kujibu kwamba ipo.

"Prezan!" walipiga kelele. "Prezan, shefu!"

Naye, bila kugeuka, alisema: "Numero kumi na ine, punguza sauti."

Nilimwona kwa macho yangu. Asubuhi za wiki nafundisha darasa la pili, mchana nauza makala, yaani makaa ya kupikia, sokoni, na Jumamosi nilikuwa napita njia ile ile kwenda vijijini kutafuta magunia. Mtu akikuambia kwamba Tata Karani alikuwa kichaa, mwambie hapana. Alikuwa karani tu, na ukarani ulikuwa umemwingia mpaka kwenye mifupa.

Zamani, kampuni ilipokuwa bado kampuni, yeye ndiye aliyekaa kwenye dirisha la kuandika watu kazi. Jina lake limo katika daftari la ubatizo la parokia, na mimi sitalitoa huko. Alikuwa mrefu, amenyooka kama fagio lililosimamishwa ukutani, na shati lake lilikuwa na mfuko uliobeba kalamu tatu: ya bluu kwa walioandikwa, nyekundu kwa waliokataliwa, na ya tatu ambayo haikuwa na wino, lakini aliibeba kwa sababu kampuni ilimpa kalamu tatu. Kampuni ilipolegea na wenzake wakarudi nyumbani na viti, mapazia, hata kengele ya ofisi, yeye alirudi na daftari moja ambalo halijaandikwa kitu. Tena alilitolea risiti mwenyewe, akaisaini pande zote mbili.

Nyumbani kwake kila kitu kilikuwa na karatasi. Mkewe alitia sahihi kuchukua sukari. Kuku walikuwa na namba mguuni, na jogoo alikuwa na namba ya juu kuliko majike yote kwa sababu alichelewa kuja. Mbwa alikuwa na likizo yake mwezi wa nane kila mwaka. Mbwa huyo akithubutu kubweka mwezi wa nane, Tata Karani alitoka na malapa, akamwambia kwa sauti ya huruma: "Weye uko mu congé. Acha bengine balinde." Mbwa alinyamaza. Ninavyoamini mimi, alikuwa mbwa pekee katika Kapata yote aliyekuwa na furaha ya kweli.

Maneno yake nayo yalikuwa ya dirishani. Padri alipohubiri juu ya mlango wa mbinguni, Tata Karani aliuliza mbele ya watu wote ni nani anayeshika orodha. Msiba ukitokea alifika wa kwanza, akaandika majina ya waliokuja, na baada ya matanga akawatembelea wasiokuja kuwauliza sababu. Watu walimcheka, lakini walikuja msibani. Kwa hiyo sikuzote nimeshindwa kusema kama alikuwa mtu wa kuudhi au mtu wa maana. Nadhani alikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, jambo ambalo halimo katika fomu yoyote.

Sasa nimwingize baba yangu, maana bila baba habari hii haina miguu, na miguu ndiyo shida yenyewe.

Baba ana matege. Si matege ya aibu, ni matege ya kawaida, lakini akisimama wima unaona mwanga katikati. Alipokuwa kijana alikuwa anaishi kwa kaka yake, mfanyakazi wa kampuni, katika nyumba hii hii ambayo sasa ni yetu. Akaenda dirishani kuomba kazi. Walimpima uzito, kifua, macho, meno, vyote vizuri. Ndipo Tata Karani akatoka nje, akamwambia akutanishe visigino, akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akaipitisha katikati ya magoti yake. Sheria ilikuwa hivi: pakiti ikigusa, unaandikwa. Pakiti ikipita bila kugusa, hapana kazi. Kwa baba ilipita. Kalamu nyekundu ikafanya kazi yake, na baba akarudi kwa kaka yake akiwa na njaa ya maisha yote.

Akawa seremala. Akawa seremala mzuri kuliko wote, kwa hasira tu. Nusu ya milango ya Kapata ni yake. Na Tata Karani, kwa mpango wa shetani au wa Mungu, alipewa nyumba ya kampuni mbele yetu, ng'ambo ya barabara. Miaka thelathini baba hakumsalimu. Lakini baba ni mtu aliyelelewa vizuri, hawezi kutoka asubuhi bila kusalimu. Kwa hiyo alisalimu nyumba. "Jambo, nyumba," alisema kwa heshima, akiangalia bati. Na Tata Karani, aliyekuwa amekaa mlangoni na kikombe chake, alijibu kwa niaba ya nyumba: "Jambo sana." Hivyo ndivyo walivyoishi, na sisi watoto tulidhani ni desturi ya watu wazima.

Habari ya miti ilianza na mbabula, jiko la makaa la mkewe. Zamani makala yalitoka nyuma ya kilima tu. Kisha nyuma ya kilima cha pili. Siku hizi wenye baiskeli wanalala njiani ili kunifikishia gunia moja, na nusu yake ni vumbi. Mkewe alikuwa mteja wangu wa kwanza na mlalamishi wangu wa kwanza. Siku moja alimwambia mumewe mbele yangu: "Karani, mi nimechoka kupika na vumbi. Uandike barua kwa moto, ikuye yenyewe."

Hakuandika barua. Alienda nje ya mji kwa shefu, mkuu wa kijiji, akaomba mahali pa kupanda pori lake mwenyewe: kuni za mkewe, makala, mbao za paa ambalo lilikuwa linavuja tangu kampuni ilipoacha kulitazama, na mbao za jeneza lake, kwa sababu alisema hawezi kulala milele ndani ya triplex, zile mbao za kubandika. Shefu huyo alikuwa kijana, ana pikipiki nyekundu, na hana subira. Alimpa shamba moja lililokwisha kukatwa na wachoma makala, visiki vitupu, na sharti moja. Mvua tatu, yaani misimu mitatu. Mvua ya tatu ikiisha atakuja. Akikuta pori, ni la Tata Karani. Akikuta majani, shamba linarudi kijijini. Tata Karani alitaka sharti liandikwe, wakaliandika, wakatia sahihi wote wawili.

Mtu mwingine angepanda. Yeye alifungua dirisha la kazi.

Kila aina ya mti iliyotaka kuingia shambani ilifanyiwa mtihani. Kwanza urefu, kisha unyoofu, ambao aliupima kwa timazi aliyoazima kwa mwashi na hakuirudisha. Msonobari aliukataa siku ya kwanza kwa sababu unanuka hospitali. Akasia aliipokea kwa majaribio, mistari minne. Lakini alipouona mkalitusi, Mungu wangu! Mrefu, umenyooka, unakua haraka, hauna tawi la upuuzi. Rafiki yake wa Dilolo alimletea mbegu kwa treni. Miche mia moja na ishirini aliiandika kwa kalamu ya bluu, akaifungia namba alizokata kwenye makopo ya nyanya, akautangaza mmoja kuwa kapita, msimamizi wa wengine.

Basi alinitaka nimpe maoni kama muuza makala. Nilimwambia ukweli: makala ya mkalitusi ni mepesi, yanaruka cheche, yanaisha maharagwe hayajaiva. Akaandika. Kisha akatazama viatu vyake, akasema polepole: "Madame, na... ule mutu ya mbao, yeye anasema nini?"

Nilivuka barabara. Baba alikuwa anapiga randa, hakuinua kichwa.

"Ambia ile nyumba," alisema, "kalitusi inakomea mbio, ni kweli. Kwa poto ya umeme ni muzuri. Lakini mulango ya kalitusi mubichi, asubuhi inafunga, mangaribi inakatala. Kama inataka muti ya kweli, ile nyumba, iko mubanga. Mchwa ikiuma mubanga, inavunja meno. Na makala yake, hata weye unajua."

Najua. Makala ya mubanga ukiyawasha asubuhi, jioni bado yanakuuliza kuna nini kingine cha kupika.

"Ataitoa wapi?" niliuliza.

"Iko pale pale mu shamba yake! Anaikanyaka kila siku ya posho. Ile bisiki inachipuka."

Ni kweli, visiki vilikuwa vinachipuka. Mubanga, musamba, vyote vilivyokatwa na wachoma makala, vilikuwa vinatoa machipukizi mekundu kila mahali, bila kuulizwa na mtu. Nilivuka tena barabara, nikampa Tata Karani ujumbe. Alishtuka kana kwamba nimemtukania mama.

"Ile? Inajipinda yote! Haikuomba kazi. Haikupita visite ya dokta. Mi nilifika, nikaikuta tu iko pale. Bale ni batu ba bila contrat, madame!"

Penye miti hapana wajenzi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba mjenzi anaweza kusimama katikati ya miti akiitafuta miti. Aliamua machipukizi yang'olewe. Lakini alikuwa karani wa haki, na karani wa haki hamfukuzi mtu siku hiyo hiyo, hata kama hajamwandika. Aliandika préavis, notisi ya miezi mitatu, kwa nakala mbili. Akasimama kati ya visiki, akaisoma kwa sauti. Nakala moja akaiweka chini ya jiwe, ili wahusika waipate.

Miezi mitatu ilipoisha alileta watu wang'oe. Wa kwanza alivunja mpini wa jembe kwenye kisiki cha mubanga. Wa pili alivunja jembe lenyewe. Wa tatu aliangalia wenzake, akaenda zake kuchimba shaba, kazi rahisi zaidi. Tata Karani akaongeza notisi miezi mitatu. Kisha mitatu tena. Machipukizi yakaendelea kukua yakiwa kwenye notisi, kama wafanyakazi wengi ninaowajua.

Wakati huo mikalitusi ilianza kuonyesha tabia. Mwaka wa kwanza mchwa waliila mizizi, ikalala mmoja mmoja, na kila Jumamosi kwenye daftari liliongezeka neno "amekufa kazini". Iliyobaki ilikunywa maji. Iliyokuwa karibu na kijito ilikunywa mpaka mama wa kijijini walikuja na ndoo tupu, wakazipanga mbele yake bila kusema neno. Tata Karani aliandika barua ya onyo, akaitundika kwenye shingo ya kapita: mlevi, onyo la kwanza. Nilimkuta amekaa chini yake, mnyonge.

"Dirishani ilikuwa vile vile," aliniambia. "Bale ya kunyooka sana, nusu yabo ilikuwa balevi."

Mwaka wa pili, kiangazi, moto wa majani ulipita. Akasia mistari minne ikawa majivu. Mkewe alisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na Tata Karani, kwa mara ya kwanza, hakutaka neno hilo liandikwe. Alianza kukonda. Kalamu zilikuwa zinalegea mfukoni. Paa lilivuja, mbabula ilifuka vumbi, na mvua ya tatu ilikuwa inakaribia kuisha. Nilimwonea huruma, nakiri, ingawa damu yangu ni ya matege.

Siku ya shefu ilipofika, baba alipiga shati lake pasi.

"Unaenda wapi?" nilimuuliza.

"Kuangaria," alisema baba. Alikuwa amengoja miaka thelathini kumwona mtu yule akikataliwa, na hakutaka kusimuliwa.

Tulienda watatu kwa miguu, baba hatua ishirini nyuma, kama mtu asiyetujua. Shefu alikuwa amekwisha kufika, amekaa juu ya pikipiki. Tata Karani alifungua daftari. Alisoma kila kitu bila kuficha: mikalitusi mia moja na ishirini iliyoandikwa, kumi na mmoja wapo, mmoja kati yao mlevi. Akasia: bote baliungua.

"Kumi na moja hapana pori, tata," alisema shefu. "Tuliandika mvua tatu. Sahihi yako iko hapa."

"Iko," alisema Tata Karani.

Ndipo shefu akageuza kichwa, akaona upande wa visiki. Machipukizi yale yalikuwa yamempita kimo. Yamejipinda, ndiyo, kila moja na njia yake, lakini ya kijani, manene kama mkono wa mtu, na moto uliyapitia ukayaacha pale pale.

"Na ile?" aliuliza. "Ile iko pori. Nani alipanda?"

Neno moja tu lingetosha: "Mimi." Mtoto wangu wa darasa la pili angelisema. Tata Karani alitazama machipukizi, akatazama daftari, akapekua kurasa mbele na nyuma.

"Siwezi kusema uongo, shefu. Sikuipanda. Haiko mu registre."

Nilitaka kumnyonga kwa timazi yake. Shefu alikuwa anakanyaga pikipiki iwake. Ndipo nikasikia hatua nyuma yangu, na baba akanipita na miguu yake ile, akaenda kusimama mbele ya Tata Karani, uso kwa uso. Hakusalimu nyumba. Nyumba haikuwepo.

"Karani!" alisema. "Inajipinda, ni kweli. Moto ilipita, iko. Mchwa ilipita, iko. Beko ku dirisha yako myaka tatu, banangoya, nawe unaangaria tu miguu yabo. Baandike!"

"Bila essai, bila majaribio?" Tata Karani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Essai gani tena? Myaka tatu! Baandike, nakwambia!"

Tata Karani alitoa kalamu ya bluu. Alianza na chipukizi lililokuwa karibu, mubanga uliopinda kuliko yote, akaandika namba, akapiga hatua, akaandika. Baba alimtajia aina, mimi nilihesabu, na shefu alicheka mpaka akazima pikipiki akaja kushika kamba ya kupimia. Tuliandika mpaka mchana. Shefu mwenyewe aliandikwa kwa makosa, namba mia mbili na nane, kwa sababu alikuwa amesimama kimya. Mwishoni alisema pori ni pori, akaomba namba yake ifutwe, akaambiwa kuna notisi ya miezi mitatu.

Wakati wa kurudi, baba alitembea tena hatua ishirini nyuma. Kesho yake alisalimu nyumba.

Kwa hiyo sikutegemea lililotokea kiangazi hiki, miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa karakanani kwa baba, nafagia maranda ya mbao nipate ya kuwashia moto, nikamwona Tata Karani anavuka barabara. Amezeeka. Fagio limeinama, anatembea kama mtu anayeshuka kwenye baiskeli asiyoiona. Begani alikuwa na gogo la mubanga, la kwanza kukatwa katika pori lake. Aliliweka chini mlangoni. Kisha akatoa pakiti ya sigara mfukoni, yeye asiyevuta tena, akampa baba. Akakutanisha visigino.

"Pima," alisema.

"Mi hapana karani," alisema baba.

"Pima, tata."

Baba aliinama kwa shida, magoti yake yanalia. Akapitisha pakiti katikati ya magoti ya Tata Karani. Ilipita. Ilipita bila kugusa, na kiberiti kingepita juu yake. Nilianza kucheka, nikagundua kwamba machozi yananitoka.

Baba aliishika pakiti muda mrefu, anaigeuza.

"Ile sheria," alisema, "ilikuwa imeandikwa fasi gani?"

Tata Karani aliangalia chini.

"Haikuandikwa. Mi mwenyewe niliileta. Batu balikuwa mingi ku dirisha, kazi kidogo. Nilikuwa natafuta namna ya kusema hapana, bila kuangaria mutu mu macho. Yako ninaikumbuka. Kila siku, saa unasalimia ile nyumba, ninaikumbuka."

Nilijua baba anatafuta neno kali ambalo amelitunza tangu ujana, na nilijua pia kwamba halioni.

"Kesho saa moja," alisema mwishowe. "Essai miezi tatu. Ile daftari ubakishe kwenu."

Asubuhi yake nilisikia kikohozi nje kabla baba hajafungua. Tata Karani alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, kalamu hakuna mfukoni hata moja, visigino vimekutana. Baba akafungua mlango, akamwangalia machoni, akasafisha koo.

"Numero moja," alisema.

"Prezan," alijibu Tata Karani.